Tuache Kusikiliza Gitaa kwa Macho

Najua nimekuwa kimya kama wiki tatu hivi, kazi za gazetini zilinibana. Nimerudi, na nimerudi na hasira, kwa hiyo leo mnivumilie kidogo.

Hasira yenyewe inahusu gitaa. Msicheke.

Nina mshikaji wangu anapiga solo kwenye bendi moja ya dansi hapa mjini. Ijumaa, Jumamosi, na Jumapili bonanza. Miaka yote hiyo alikuwa anapiga gitaa la mwenye bendi, na mwenye bendi kila mwisho wa onyesho anamkata "ya chombo" kabla hajampa posho yake. Ukipiga hesabu ya mwaka mzima, mshikaji alishalinunua lile gitaa mara mbili, na bado si lake. Basi akaamua kujikaza. Miezi minane anaweka, hanywi soda, anatembea kwa miguu, mpaka zikafika milioni moja na laki mbili. Tukaenda wote dukani. Nasema tukaenda, kwa sababu nami nilikuwepo, na hilo ndilo linaloniuma.

Pale ukutani limening'inia semiholo moja jekundu linawaka kama gari jipya. Kichwani limeandikwa Gibson. Muuzaji anasema limetoka Marekani, limeshuka na kontena, mwenyewe ana shida ya fedha. Mshikaji akanitazama. Mimi, mwandishi wa habari, mtu ninayelipwa kuuliza maswali, nikasema: "Chukua, mwanangu, usilaze damu."

Ijumaa ya kwanza lilikuwa linapiga mluzi kila amplifaya ikipandishwa. Ijumaa ya pili sauti ikakata katikati ya wimbo, watu wako uwanjani wanacheza. Tulipolirudisha tukaonyeshwa maandishi chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Duka silitaji, kwa sababu si duka moja, ni tabia. Mshikaji sasa amerudi kwenye gitaa la bosi, na makato yameongezeka kidogo, nadhani kama adhabu ya kujaribu kuondoka.

Sasa tuzungumze.

Kwa wasiojua, semiholo ni gitaa la umeme lenye uvungu pembeni na gogo la mbao katikati. Gitaa lenye uvungu mtupu lina sauti tamu, lakini ukilipeleka jukwaani mbele ya spika kubwa, tumbo lake lote linatikisika na sauti ya spika, nyuzi nazo zinatikisika tena, sauti inarudi kwenye amplifaya, na mzunguko huo ndio unaozaa ule mluzi wa kutoboa masikio. Gitaa la ubao mzima halina taabu hiyo, ila wengi huliona kavu. Mwaka 1958 kiwanda cha Gibson kule Kalamazoo, jimbo la Michigan, chini ya mkuu wake Ted McCarty, kikatoa ES-335: uvungu kulia, uvungu kushoto, gogo limepita katikati kutoka shingoni hadi mkiani. Upana inchi 16, kina hakifiki inchi 2. Gitaa zote za namna hiyo mnazoziona leo ni wajukuu wa lile.

Na hapa ndipo ninapotaka kugombana na baadhi ya wakongwe wetu. Kuna mmoja nilimsikia redioni anawaambia vijana kwamba "hizi gitaa zenu za plaiwudi si gitaa." Nikasikitika, maana namheshimu. Mzee wangu, shikamoo, lakini ES-335 ni plaiwudi. Ilikuwa plaiwudi siku ya kwanza na ni plaiwudi mpaka leo. Mgongo, tumbo na mbavu zake ni mbao nyembamba zilizogandishwa kwa gundi na kukandamizwa kwenye kalibu: nje mepo, ule mti ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada, na katikati mpopla. ES-175, ambayo wapiga jazi waliiabudu tangu 1949, nayo ni plaiwudi vilevile. Haikuwa bahati mbaya wala ubahili mtupu. Plaiwudi haitikisiki ovyo kwa hiyo haipigi mluzi upesi, na haipasuki wala kujipinda hovyo hewa ikibadilika. Hebu niambieni, kwa jasho hili la Dar, kwa unyevu huu unaokutisha chuma kabatini, kijana anayeweka gitaa kwenye chumba kisicho na kiyoyozi anahitaji mbao gani zaidi ya hiyo?

Kwa hiyo hoja ya plaiwudi ife leo. Tuendelee.

Hoja ya pili ni jina. "Bila Gibson hupati ile sauti." Ile ipi? Muulize anayesema hivyo, mara tisa kati ya kumi atakutajia B.B. King. Sawa. B.B. King alikuja mpaka jirani yetu hapa, Kinshasa, Septemba 1974, kwenye tamasha la Zaire 74, wiki chache kabla Muhammad Ali hajampiga George Foreman. Gitaa alilofahamika nalo enzi zile, Lucille, lilikuwa ES-355. Na 355 ni nini? Ni mwili uleule wa 335 uliovishwa harusini: vyuma vya dhahabu, mistari myeupe pembeni, ubao wa vidole wa mpingo, na swichi ya ziada ya kubadili sauti. Halafu huyo huyo B.B. King alikuwa anasokomeza vitambaa kwenye matundu ya gitaa ili lisipige mluzi! Gibson walipomtengenezea toleo lake mwaka 1980 waliyaziba kabisa, halina tundu hata moja usoni. Yaani mfalme mwenyewe alikuwa anapambana na tatizo lilelile la mshikaji wangu, na suluhisho lake lilikuwa kitambaa.

Kuna kisa kingine nakipenda zaidi. Karibu na mwaka 1940 Les Paul, mpiga gitaa wa Kimarekani, alichukua boriti ya msonobari ya inchi 4 kwa 4, akaweka shingo, nyuzi na pikapu. Alivyokuwa akisimulia mwenyewe, alipopanda nalo jukwaani watu hawakumjali. Akarudi, akapasua gitaa la Epiphone, akaubandika upande mmoja kulia na mwingine kushoto wa lile boriti ili lionekane gitaa la kweli. Watu wakalipenda! Sauti ilikuwa inatoka palepale, kwenye boriti. Kilichobadilika ni kilichoonekana.

Sisi nasi tumekaa palepale. Tunasikiliza kwa macho. Na tapeli wa mjini analijua hilo kuliko sisi, ndiyo maana hapotezi fedha kwenye gogo, wala waya, wala freti. Anaziweka kwenye rangi na kwenye yale maandishi ya kichwani. Unalipia maandishi.

Najua mtaniambia: rahisi ghali. Ni kweli, na ndiyo hoja yangu hiyohiyo. Gitaa la rahisi lililomghalimu mshikaji halikuwa la jina dogo. Lilikuwa la jina kubwa kwa bei isiyowezekana. ES-335 halisi, mpya, kwenye maduka ya Marekani inazidi dola 3,000. Nani atakuuzia kwa chini ya dola 500, eti kwa sababu ana shida? Watu wenye shida huuza kwa hasara, sawa, lakini si kila Jumatatu, si magitaa manne ya rangi tofauti ukuta mmoja. Mimi nililiona lile la pili na la tatu pale dukani. Niliyaona! Sikuuliza.

Na msilete habari za "mchina". Tatizo si China, tatizo ni uongo. Ibanez walianzisha mlolongo wao wa Artcore mwaka 2002, wakatengenezea China hukohuko, na AS73 yao imo humo. Epiphone, ambayo Gibson waliinunua mwaka 1957, wanatengenezea China, na wana haki kamili ya kuiga umbo la ES-335 kwa sababu mama ni mmoja. Gretsch walitoa Streamliner mwaka 2016, inatoka Indonesia. Hawa wote wameandika jina lao kichwani na wanalijibia. Mwenye kughushi hajibii kitu, ndiyo tofauti nzima.

Bei? Hubadilika, lakini kwa maduka ya nje Epiphone ES-335 inacheza kama dola 600, AS73 kama 500, Streamliner yenye gogo katikati 500 na kitu, na Squier Starcaster ya daraja la Affinity, watoto wa Fender hao, kama 300. Ukiongeza usafiri na ushuru inauma, sikatai. Lakini kwa hesabu zangu, ile milioni na laki mbili ingemtosha mshikaji Starcaster mpya na chenji ya nyuzi, au AS73 iliyotumika ya mtu anayejulikana.

Mimi ningechukua AS73. Sababu zangu si za kitaalamu sana: haina mbwembwe, shingo yake haichoshi mkono kwenye onyesho la saa nne, na pikapu zake mbili za hambaka hazileti ule mvumo wa umeme ambao kwenye kumbi zetu zenye nyaya za kuungaunga ni balaa. Mwenye fedha kidogo achukue Starcaster bila aibu. Shingo yake imefungwa kwa skrubu, ikileta ubishi fundi anaifungua, anaweka kipande chembamba cha kuinyanyua, anafunga. Shingo iliyogandishwa kwa gundi haikupi msamaha huo.

Angalizo moja kwa wapenzi wa Beatles, maana najua mpo. Epiphone Casino, ile ya McCartney, Lennon na Harrison, inafanana sana na hizi kwa sura, lakini haina gogo. Uvungu mtupu. Ni gitaa zuri, lina ladha yake, ila ukilinunua ukidhani ni semiholo utakutana na mluzi na utalaumu amplifaya ya watu.

Utajuaje kama gogo lipo? Hapa ndipo ninapojicharaza bakora, maana ni kitu cha sekunde tano. Washa tochi ya simu, iweke kwenye tundu moja la umbo la f, chungulia tundu la upande wa pili. Gogo likiwepo, mwanga hauvuki, au unavuka uzi tu. Lisipokuwepo, tumbo lote linawaka kama kanisa usiku wa mkesha. La mshikaji lilikuwa na kipande kifupi chini ya daraja tu, kama kigoda. Tulilijua hilo wiki mbili baada ya kulipa.

Na kwenye Gibson ya Marekani, kile kifuniko kidogo chenye umbo la kengele pale kichwani hushikwa kwa skrubu mbili. Ukikuta tatu, rudisha ukutani, toka nje, kanunue maji ya kunywa.

Jambo jingine ambalo muuzaji hatakuambia ni nyaya. Gitaa la ubao mzima lina kifuniko nyuma, unafungua skrubu chache umeshafika jikoni. Semiholo nyingi hazina. Vifundo vya sauti, swichi, tundu la jeki, vyote viliingizwa kupitia yale matundu ya f na vitatolewa humohumo. Fundi hufunga uzi kwenye kila kifundo kabla ya kukisukuma ndani, ili aweze kukivuta kirudi mahali pake. Ni kazi ya nusu siku na matusi mengi. Fundi redio wa mtaani kwetu, mtu hodari kabisa wa lehemu, alimrudishia mshikaji gitaa akasema afadhali anizalishie ng'ombe. Kwa hiyo pale dukani usione haya: lichomeke, zungusha kila kifundo taratibu usikilize mikwaruzo, geuza swichi mara ishirini, tikisa jeki. Likikohoa hata mara moja, hata kama ni zuri, bei ishuke au uondoke.

Shingo na freti mnajua, sina haja ya kurefusha. Piga kila noti kwenye kila uzi, kuanzia juu mpaka freti ya mwisho. Inayolia zzz ikumbuke. Gitaa la bei nafuu karibu lote huja na freti zenye ncha kali na nyuzi zimekaa juu mno, na hapo ndipo watu husema "la bovu". Si bovu, halijamaliziwa. Kiwandani waliokoa saa moja ya fundi, hiyo saa ilipie wewe. Tenga fedha ya fundi kabla hujatenga ya gitaa.

Sasa, nisije nikaonekana nadanganya upande wa pili. Niliwahi kushika ES-335 halisi, ya mtu mzima mmoja anayeifunga kwa taulo. Ni tamu. Kingo za freti hazisikiki mkononi, sauti inakaa hewani muda mrefu, na rangi yake nyembamba inazeeka vizuri kama kiatu cha ngozi. Mwenye uwezo anunue, Mungu ambariki. Ila si tamu mara sita ya AS73. Na ukiipitisha kwenye spika za baa zilizopasuka koni, saa saba usiku, mpiga tumba kashika moto, nitoe chakula cha mchana kwa atakayetofautisha akiwa amefumba macho. Akiwa amefumba, nimesema.

Mtauliza kwa nini nimeng'ang'ania semiholo, si gitaa lolote. Kwanza dansi letu linaipenda: solo isikike kila noti safi, ridhim iwe na kitumbo kidogo. Pili, hili ni la kimaskini kidogo: umeme ukikatika, semiholo inasikika. Si sana, ila kwa kukaa kitandani usiku ukafanya mazoezi bila amplifaya na bila kumwamsha mwenye nyumba, inatosha kabisa. Ubao mzima bila umeme ni kama kukuna sufuria.

Lakini kubwa kuliko yote ni lile la mwanzo. Bendi zetu za zamani zilikuwa na mwenyewe. NUTA Jazz ya 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park ilipoanza 1978 ilikuwa chini ya shirika, na vyombo vilikuwa vya mwajiri. Mwanamuziki akigombana na uongozi alitoka na vidole vyake tu. Lakini angalau alikuwa na mshahara. Kijana wa leo amebaki na lile la vyombo vya bosi, mshahara umeondoka. Gitaa lake mwenyewe, hata la jina dogo, maana yake Jumamosi akipigiwa simu na bendi nyingine, au na kanisa, au na studio, anaweza kusema ndiyo. Tapeli aliyemuuzia mshikaji yale maandishi hakumwibia milioni na laki mbili tu. Na wewe unayemcheka kijana kwa sababu kichwani pameandikwa Squier unamsaidia tapeli huyo kazi, bila malipo. Mimi nilimsaidia. Nilisema "chukua".

Basi, kwa ufupi wa taarifa: mshikaji ana laki nne mkononi kwa sasa, na mimi nimeahidi kuongeza mbili mwisho wa mwezi, ni fidia ya ushauri mbovu. Tunatafuta AS73 au Starcaster iliyotumika, rangi yoyote, mikwaruzo si tatizo. Pia mwenye kumjua fundi wa freti anayeaminika hapa Dar anitonye. Na kama kuna mwenye Gibson anayetaka kutuuzia kwa laki sita, karibu sana, tutakuja na tochi na bisibisi.